Shamba Linataka Macho Kabla ya Dawa

Likizo ya Desemba tulipangiwa, mafrateri wanne, kufanya kazi za kichungaji katika parokia moja ya vijijini upande wa Geita. Tulijiandaa kufundisha kwaya na kuwasaidia makatekista na watoto wa Komunyo ya Kwanza. Siku ya tatu, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa jumuiya alitusubiri nje ya kanisa akiwa na mche wa mahindi aliouong'oa. Majani yalikuwa yametobolewa kama chujio. Alitusalimu Tumsifu Yesu Kristo, kisha akauliza kama tungeweza kwenda kunyunyiza maji ya baraka shambani kwake.

Tulikwenda, tukasali, tukanyunyiza. Hatuoni haya kusema hivyo, kwa kuwa Kanisa linazo sala za kubariki mashamba na mbegu, na nabii Yoeli anafungua kitabu chake kwa wadudu waliomaliza mavuno. Lakini kwenye kona ya shamba tulimkuta mzee wa nyumba akichanganya kwenye bomba la mgongoni dawa iliyobaki ya pamba. Ilikuwa mara yake ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Alipomaliza alikwenda kulisuuza bomba ukingoni mwa lambo, pale pale ng'ombe wanaponywa maji na watoto wanapochota. Huko Geita kila mtu ameshasikia habari za zebaki kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, na hata vijana wanaoishika kwa mikono mitupu wanajua kwamba ni sumu. Sumu ya bomba la mgongoni haina sifa mbaya kama hiyo. Inahesabiwa kuwa ni kilimo tu.

Na viwavi walikuwa hai. Tulipasua mche mmoja, tukamkuta kiwavi ndani kabisa ya moyo wa mhindi, amejifunika kwa kinyesi chake kilichofanana na unga wa mbao. Dawa ilikuwa imelowesha majani ya nje na kuishia hapo.

Huyu si kiwavijeshi waliyemjua wazee wetu. Yule wa zamani huja kwa makundi, hula nyasi na nafaka kama jeshi, halafu hutoweka. Ndiyo maana mzee mmoja alitutuliza kwa upole, "Wajukuu zangu, hawa watapita tu." Kiwavijeshi vamizi hapiti. Asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshathibitishwa Tanzania. Kwenye joto kama letu anamaliza mzunguko wake, kutoka yai hadi nondo, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu. Utamtambua kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Hekima ya wazee, ambayo kwa mambo mengi tunaitegemea, hapa imemkosa mdudu wake. Kusubiri apite ni kumpa mwezi mwingine wa kuzaa.

Basi tunachokisema ni hiki, na tunajua si wote watakaokubaliana nasi. Njia za asili zinafanya kazi dhidi ya mdudu huyu. Zinaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu tunazitumia kama tunavyotumia dawa ya dukani: tunakuja tumechelewa, tunapulizia mara moja, tunaondoka. Tumesikia wengi wakisema, "Majivu tuliweka, hayakusaidia." Tulipouliza waliyaweka lini, jibu lilikuwa moja: baada ya majani kutoboka yote. Wakati huo kiwavi ni mkubwa, amejichimbia, na hata dawa kali inamshinda.

Kazi inaanza mhindi ukiwa na majani machache tu. Pita shambani asubuhi na mapema angalau mara mbili kwa wiki, ufunue majani. Mayai hukaa kwa mafungu, yamefunikwa kwa manyoya membamba kama ukungu. Fungu moja ni mayai mia na zaidi, na linakufa kwa kubonyezwa na kidole gumba. Hakuna bomba litakalokupa ushindi wa bei hiyo. Viwavi wadogo waliokwisha kuanguliwa wanakwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe. Hapo ndipo majivu, mchanga laini au udongo mkavu uliotiwa kwenye moyo wa mhindi unasaidia. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, zikalowekwa usiku kucha, zikachujwa na kuongezwa sabuni kidogo, zinyunyizwe jioni, kwa kuwa jua huziondolea nguvu. Kupanda mapema, na majirani kupanda kwa wakati mmoja, kunamnyima nondo nafasi ya kuhama kutoka mahindi makubwa kwenda machanga. Viwavi wakishakomaa huingia ardhini sentimeta chache na kugeuka buu. Kuku wakiachiwa nyuma ya jembe huwamaliza wengi.

Na wapo wasaidizi tusiowaajiri: chungu, ndege, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na viwavi wenyewe. Dawa ya pamba inawaua hao kwanza, maana wao hawana moyo wa mhindi wa kujificha. Mzee wetu alikuwa akiwalipia maadui zake ulinzi.

Tahadhari moja. Neno "asili" lisitulevye. Utupa ni mmea wa asili na unaua wadudu vizuri, lakini wavuvi wamekuwa wakiutumia kuulia samaki tangu zamani, kwa hiyo bomba la utupa nalo halisuuzwi lamboni. Maji ya tumbaku pia ni sumu kwa anayeyashika.

Kipingamizi kikubwa tulichokutana nacho ni cha haki kabisa. Shamba la ekari moja mama atalipitia. Ekari kumi je? Na nani apite, ilhali vijana wako kwenye maduara wakitafuta dhahabu? Kaya nyingi tulizotembelea zilikuwa na bibi, mama na watoto wa shule. Aliyeko mgodini anatuma pesa, na pesa inanunua dawa, kwa sababu chupa inasafiri na macho hayasafiri. Hatumlaumu kijana huyo. Lakini tunadhani ndilo jibu la swali la kwa nini dawa zimeenea hivi: kilichopungua shambani ni watu. Mwenye ekari kumi na asubuhi mbili tu kwa mwezi, na azungumze na afisa ugani kabla ya kuchagua dawa, achague inayohusika na mahindi, avae kinga, asuuze bomba mbali na maji. Hatuna jingine la kumwambia leo.

Kwa mwaka ujao tunalo. Ng'ambo ya ziwa letu, Mbita nchini Kenya, watafiti wa icipe wametengeneza kilimo kinachoitwa sukuma-vuta. Desmodiamu inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, nayo harufu yake inawafukuza nondo; nyasi za brakiaria zinazunguka shamba na kuwavuta nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha viwavi wakipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa kila mche. Na mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe, jambo ambalo Msukuma halihitaji kuelezwa mara mbili.

Shida ni kwamba baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani, na desmodiamu ya mwaka wa kwanza inaliwa hadi mizizi. Tulidhani hapo hoja imekufa. Frateri mwenzetu wa Shinyanga akacheka, akauliza kama tumesahau ngitili. Kwao nchi ilikuwa karibu jangwa baada ya misitu kufyekwa kwa ajili ya mbung'o na mashamba ya pamba. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, miti mingi iliyorudi haikupandwa. Ilirudi kwa sababu watu walikubaliana kufunga maeneo ya malisho kama mababu zao walivyofanya, kwa sheria za kijiji, na anayeingiza ng'ombe anatozwa faini. Watu walioweza kufunga kilima kizima wasiingie ng'ombe wanaweza kufunga robo ekari.

Ndipo tunaposema parokia zinahusika. Laudato Si' ya mwaka 2015 imesomwa kwenye semina nyingi, na parokia nyingi zina shamba. Shamba hilo mara nyingi hulimwa na trekta, hupuliziwa na kibarua, na mavuno yake huingia kwenye mfuko wa parokia. Lingeweza kuwa mahali ambapo jumuiya zinakutana asubuhi mbili kwa wiki kutoka Desemba hadi mahindi yatoe mbelewele, kila jumuiya na mistari yake, wajifunze kutafuta mayai na kwenda kuyatafuta kwao. Nasi mafrateri tungekuwa huko tukiwa tumeinama. Darasani tunamsoma Aristotle, ambaye aliwachunguza wadudu kwa makini kuliko wengi wetu tulivyowahi kuitazama bustani ya seminari.

Tulimpelekea paroko ombi la nusu ekari nyuma ya nyumba ya makatekista. Amekubali, kwa sharti kwamba mbuzi wa parokia wafungwe kwanza. Mama yule wa jumuiya amesema watoto wake watakusanya mbegu za mwarobaini. Kamba ya mbuzi tumeachiwa sisi tuinunue.