HPV haifungi kizazi

Uvumi kuhusu virusi vya HPV hupita Thika na Ruiru kwa njia zile zile zinazopitisha habari nyingine zote: saluni za Makongeni, vyama vya akina mama vya Jumapili alasiri, makundi ya WhatsApp ya wapangaji wa Kimbo na Kihunguro. Wanaoumia zaidi ni wanawake wanaojipanga kupata mtoto, ambao wamekwenda kupimwa wakaambiwa wana virusi, kisha wakarudi nyumbani kutafuta maelezo kwa jirani. Baadhi ya madai ni uongo mtupu. Mengine yana chembe ya ukweli ndani yake, na hayo ndiyo sugu.

"Ukiwa na HPV hushiki mimba." Hapana. Virusi hivi hukaa kwenye ngozi na kwenye utando wa mlango wa uzazi. Havipandi kuziba mirija. Magonjwa ya zinaa yanayojulikana kwa kuharibu mirija ni klamidia na kisonono, na mwanamke anayehangaika kushika mimba afadhali aulize kuhusu hayo kwanza. HPV ina aina zaidi ya 200. Kama 14 hivi ndizo zinazoweza kuleta saratani, na mbili kati yake, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa uzazi. Karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono hukutana na aina moja au nyingine, na kwa watu tisa kati ya kumi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Kama HPV ingekuwa inafunga kizazi, wodi ya wazazi ya Hospitali ya Thika Level 5 ingekuwa tupu.

Chembe ya ukweli iko hapa: virusi vya aina ya hatari visipoondoka, huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, kugeuza chembe za mlango wa uzazi kuwa saratani. Kenya hupata wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 wa saratani hiyo kwa mwaka na kuzika zaidi ya 3,000. Aliyechelewa hufikia kutolewa mfuko wa uzazi au kupigwa mionzi, na mionzi huua ovari. Hapo ndipo uzazi hupotea. Kilichouondoa ni ile miaka kumi ya kutopimwa.

"Nimepatikana na HPV, basi mume wangu ana mtu nje." Dai hili limevunja nyumba nyingi bila ushahidi wowote. Virusi vinaweza kukaa kimya kwa miaka, vikaonekana leo ilhali viliingia kabla hamjajuana, kwako au kwake. Hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima mwanamume HPV, kwa hiyo hata akikubali kwenda, hospitali haitakuwa na karatasi ya kumtia hatiani wala ya kumsafisha. Kondomu nayo hupunguza hatari bila kuimaliza, kwa sababu virusi hupita pia kwenye ngozi isiyofunikwa. Mwenye kutaka kujua kama mumewe ni mwaminifu atafute njia nyingine. Kipimo cha HPV si hirizi ya kufichulia wazinzi.

"Nitapimwa nikishaanza kliniki ya wajawazito." Hili linasemwa na wasomi pia, na kwangu ndilo baya kuliko yote kwa sababu linasikika kama busara. Kliniki ya wajawazito hupima damu, kundi la damu, virusi vya ukimwi, kaswende, homa ya ini aina ya B, mkojo. Mlango wa uzazi haumo katika orodha hiyo ya kawaida. Na hata kasoro ikionekana ukiwa mjamzito, mara nyingi matibabu husogezwa mpaka ujifungue, nawe unabaki miezi kadhaa na wasiwasi usiokuwa na faida kwako wala kwa mtoto.

Ilhali kipimo chenyewe kabla ya mimba ni kazi ya dakika chache. Unalala kitandani, miguu imekunjwa. Muuguzi anafungua uke kwa kifaa maalumu, anawasha taa, anapaka mlango wa uzazi siki iliyozimuliwa, ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja. Unahisi ubaridi, pengine kuwashwa kidogo. Palipo salama hubaki na rangi yake ya waridi. Penye chembe zilizoanza kubadilika hugeuka peupe, na muuguzi huona kwa macho yake bila darubini. Njia nyingine ni kuchukua ute na kutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe, na sampuli hiyo mwanamke anaweza kujichukulia kwa kijiti chenye pamba, nyuma ya pazia, bila mtu kumgusa. Wanaokwepa kliniki kwa haya, na ni wengi, hawana tena kisingizio hicho palipo na kipimo hicho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza kupimwa ukifika miaka 30, na miaka 25 kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, kwa kuwa hatari yake ya saratani hii ni mara sita ya asiye navyo.

"Chanjo ya HPV ni ya kufunga kizazi wasichana wetu." Mzizi wa dai hili ni mrefu. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikipewa wanawake wa umri wa kuzaa ilitiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha, lakini hofu haikutoka. Oktoba 2019 Kenya ilipoanza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV, hofu ile ilikuwa inangoja sindano nyingine tu.

Sasa tazama kilichomo. Chanjo hii ina maganda ya protini yanayofanana na gamba la nje la virusi, matupu, hayana vinasaba ndani, pamoja na chumvi ya aluminiamu ya kuamsha kinga. Homoni haimo. Nchini Denmark watafiti walifuatilia wasichana na wanawake karibu milioni moja, wakawalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, na hawakuona tofauti katika ovari kuacha kufanya kazi mapema. Asiyeamini Wazungu aangalie Rwanda, iliyoanza kuchanja wasichana shuleni mwaka 2011, ya kwanza Afrika kufanya hivyo nchi nzima. Wasichana wale sasa ni watu wazima, na wengi wanalea.

"Sindano moja ni ubahili wa serikali, ya kweli ni tatu." Watu wa Thika wangekuwa wa mwisho kusema hivi, maana jibu lilitoka kwao. Utafiti wa KEN SHE, ulioanza Desemba 2018 katika vituo vya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, vya Kisumu, Nairobi na Thika, uliandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 ambao tayari walikuwa wameanza ngono. Utafiti uliongozwa na Ruanne Barnabas, pamoja na wanasayansi wa KEMRI wakiwemo Nelly Mugo na Maricianah Onono. Wengine walidungwa chanjo ya HPV mara moja tu, wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na mshiriki hakujua amepata ipi. Matokeo yalichapishwa Aprili 2022: baada ya miezi 18, sindano moja ilizuia maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Desemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dozi moja yaweza kutosha kwa umri wa miaka 9 hadi 20. Wanawake wa miaka 21 na kuendelea bado hupewa mbili, na wanaoishi na virusi vya ukimwi mbili au tatu. Sera ya dunia ikabadilika kwa sababu mabinti wa hapa, wengine wa Thika, walikubali kurudi kituoni mara kwa mara. Sijaona mnara wao mjini.

"Mimi nishaolewa, chanjo ni ya watoto." Inafaa zaidi kabla ya ngono ya kwanza, kweli. Lakini wale wa KEN SHE hawakuwa mabikira, na aliyekutana na aina moja bado anaweza kukingwa na zile ambazo hajakutana nazo. Isichofanya ni kutibu maambukizi uliyonayo. Ukiwa mjamzito haitolewi. Kama ulidungwa hujui una mimba, dozi inayobaki inaahirishwa na hakuna sababu ya kuhofia mtoto. Anayenyonyesha anaweza kuipata.

"Mwenye HPV lazima apasuliwe wakati wa kuzaa." Si lazima. Ni watoto wachache mno wanaopata vinyama kooni kutokana na virusi vya mama, na upasuaji hauwakingi kwa uhakika. Chunjua za sehemu za siri zinazoletwa na HPV huweza kukua wakati wa mimba, kwa hiyo ni vyema kuzitibu mapema. Baadhi ya dawa zake, kama podofilini, haziruhusiwi kwa mjamzito. Daktari hupasua pale tu zinapoziba njia au kutishia kutoa damu nyingi.

"Wakikuchoma mlango wa uzazi, mimba zitakuwa zinatoka." Kuna njia mbili za kutibu chembe zilizoanza kubadilika, na watu huzichanganya. Kugandisha kwa baridi kali au kuchoma kwa joto huondoa utando wa juu tu, na havijaonekana kuharibu uzazi. Kukata kipande kwa waya wa umeme ni jambo jingine: huongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, hasa kipande kikiwa kirefu au ukikatwa mara mbili. Kwa hiyo uliza ulifanyiwa ipi, uandikiwe kwenye kadi, na umwonyeshe mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Baada ya matibabu hakuna ngono kwa wiki kama nne kidonda kipone, na kipimo kinarudiwa baada ya mwaka mmoja. Muda wa kuanza kutafuta mimba atakupa aliyekutibu, na huwa ni miezi, si miaka.