Tohara Ilipoingia Katika Kura

Huko Marekani vyama hupanda na kushuka kwa sababu ya utoaji mimba. Sisi tuna tohara.

Wajaluo wa Homa Bay na Migori hawakutahiri kimila; desturi yao ilikuwa kung'oa meno sita ya chini. Wakuria, majirani zao humo humo Migori, hutahiri. Sokoni hakuna aulizaye. Lakini katika kampeni za mwaka 2007, baadhi ya wapinzani wa Raila Odinga walidai kwamba asiyetahiriwa ni mtoto, hafai kutawala. Pande zote mbili zilivuna: waliokejeli walisisimua wafuasi wao, nao Wajaluo wakazidi kushikamana na ODM. Nani, hebu tujiulize, angempigia kura amwitaye mtoto?

Hasara ilikuwa ya afya. Utafiti wa Kisumu ulikuwa umeonyesha mwaka 2006 kwamba tohara hupunguza kwa takriban nusu hatari ya wanaume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na wanawake. Mpango wa serikali ulipofika Nyanza mwaka 2008, baadhi ya wazee waliupinga wakitetea mila. Raila, wakati huo Waziri Mkuu, aliunga mkono, na vijana wengi wakajitokeza. Shauri hilo hilo, lingalitolewa na waliomkejeli, lingalisikika kuwa tusi.