Begi limeibwa, bima imegoma kulipa: Msafiri anaweza kupinga vipi?

Kuibiwa begi safarini ni pigo la kwanza. Pigo la pili huja wiki kadhaa baadaye, pale kampuni ya bima inapotuma barua fupi inayosema dai halikukidhi masharti.

Wengi wakishaisoma hukata tamaa. Husema bima kazi yake ni kuchukua hela tu, na mambo huishia hapo. Lakini barua hiyo ni msimamo wa upande mmoja wa mkataba, si hukumu ya mahakama. Inaweza kupingwa, na mara nyingi ubishi wote uko kwenye neno moja au karatasi moja.

Suala hili linazidi kuwagusa watu wengi. Tangu Oktoba 1, 2024, Zanzibar inamtaka mgeni kutoka nje awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC), kwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Nao Watanzania na Wakenya wanaoomba viza ya Schengen lazima waoneshe bima. Kulipia ni lazima, lakini kulipwa kuna masharti yake.

Bima ya viza si bima ya begi

Hapa ndipo wengi hukwama mapema. Sheria ya viza ya Schengen inataka kinga isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Begi halimo kwenye sharti hilo.

Kwa hiyo bima ya bei ya chini iliyokatwa ili kupata viza inaweza kukubalika ubalozini bila kugusa mizigo kabisa. Jedwali la mafao ndilo la kusomwa kwanza. Kama mizigo haimo, hoja ya wizi haina pa kushika. Lakini kama wakala aliandika kwenye meseji kwamba mizigo imo, hilo ni lalamiko jingine: namna bima ilivyouzwa.

Sababu zinazoua madai

Mizigo ikiwemo, kampuni nyingi husimamia mambo manne: begi liliachwa bila uangalizi, polisi hawakuarifiwa ndani ya muda uliowekwa (mara nyingi saa 24), hakuna uthibitisho wa umiliki, au kilichoibwa hakimo kwenye kinga.

Chukulia mfanyabiashara wa Kariakoo anayerudi kutoka Guangzhou na sampuli za nguo. Begi likiibwa, nguo zake mwenyewe zinaweza kulipwa na sampuli zisilipwe, maana mikataba mingi hutenga bidhaa za biashara. Akidai vyote kwa mkupuo na dai zima likakataliwa, ana haki ya kuuliza: sampuli zimetengwa, sawa, na nguo zangu je?

'Bila uangalizi' maana yake nini?

Neno hili ndilo lenye utata zaidi. Mwaka 1962 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, chini ya Lord Denning, iliamua kesi ya vito vilivyoibwa ndani ya gari. Aliyekuwa navyo alikuwa ameenda kujisaidia umbali wa yadi 37, kama mita 34. Kampuni ya bima ilishinda.

Lakini kipimo kilichowekwa kinaweza kumsaidia msafiri. Si lazima mtu awe ameshika mali mkononi. Kinachotakiwa ni awe mahali ambapo angeweza kumwona anayeigusa, na awe na nafasi ya kweli ya kumzuia. Aliyeweka begi miguuni akilipia kahawa stesheni, kisha likanyakuliwa, hayuko sawa na aliyeliacha kwenye kiti akaenda msalani.

Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama za Tanzania au Kenya, ila sheria za nchi hizi zina asili moja na hoja kama hiyo husikilizwa. Muhimu ni maelezo: begi lilikuwa hatua ngapi, nani alikuwa karibu, wizi ulichukua muda gani.

Kuibiwa si kupotelewa

Nchini Tanzania ni rahisi kupata ripoti ya upotevu kwa mtandao. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo husema mali imepotea. Kampuni ikiiona itauliza: wizi uko wapi? Tukio la wizi huripotiwa kituoni, na namba ya kuitunza ni RB. Kenya wao huiita OB. Aliyeibiwa nje ya nchi huombwa ripoti ya polisi wa huko huko, kwa hiyo aipate kabla ya kupanda ndege.

Begi likitoweka mikononi mwa shirika la ndege, njia ni nyingine. Taarifa hutolewa uwanjani, kwenye fomu ya PIR. Chini ya Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, fidia ya mizigo kwa safari za kimataifa ina kikomo cha SDR 1,519 kwa abiria tangu Desemba 28, 2024, takribani dola 2,000. Begi lisilofika ndani ya siku 21 huhesabiwa limepotea. Lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2. Anayesubiri bima imjibu kwanza anaweza kujikuta muda huo umempita.

Kupinga kwa maandishi

Kupiga simu na kugomba hakusaidii. Hatua ya kwanza ni kuitaka kampuni itaje kwa maandishi kifungu ilichotumia. Ya pili ni kujibu kifungu hicho tu, bila kuzunguka, na kuambatanisha ushahidi mpya: risiti, miamala ya benki au ya simu, picha za safarini zinazoonesha vitu vyenyewe.

Kampuni ikishikilia msimamo, Tanzania kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), na msimamizi wa sekta ni TIRA. Kenya malalamiko hupelekwa IRA. Aliyekata bima Uingereza anaweza kwenda Financial Ombudsman Service baada ya jibu la mwisho la kampuni au wiki 8 kupita, ila asizidishe miezi 6 tangu apate jibu hilo.

Kampuni nazo zina hoja. Madai ya uongo yapo, na gharama yake humwangukia kila mkata bima. Ndiyo maana zinadai ushahidi. Lakini kudai ushahidi ni tofauti na kutegemea kwamba mteja atachoka. Anayejibu kwa kifungu, tarehe na risiti huilazimisha kampuni itoe sababu, na sababu ikishaandikwa, msuluhishi anaweza kuipima.