Mwanafunzi Asisubiri Kugawiwa Swali

Kila mwaka wanafunzi wa fizikia hunijia na ombi moja: "Mwalimu, naomba mada ya utafiti." Siwalaumu. Tumewalea katika mfumo ambamo swali ni mali ya mwalimu na jibu ni wajibu wa mwanafunzi.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu alimkejeli. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mhadhiri mgeni, Denis Osborne, ambaye alilipima swali hilo badala ya kulicheka. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Kuhusu maji, ubishi haujaisha. Hata hivyo, swali lilivuka jikoni likaingia katika nadharia. Mwaka 2017, Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kihisabati jinsi mfumo wenye joto zaidi unavyoweza kupoa upesi kuliko wenye joto la wastani. Mfano wao mmoja una hali tatu tu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyesoma matriki anaweza kuukokotoa upya kwa kalamu na karatasi.

Hapo ndipo utafiti huru huanzia. Chagua makala fupi. Tangu 1991 hazina ya arXiv imeziweka wazi bila malipo. Kokotoa kila hatua mwenyewe, hasa zile ambazo mwandishi ameziruka. Kisha badilisha sharti moja, uone kama matokeo yanasimama au yanaanguka. Mwendee msimamizi ukiwa na kurasa tatu za hesabu, hata zenye makosa, wala si mikono mitupu.

Lakini mzigo huu si wa mwanafunzi peke yake. Fizikia ya nadharia haidai maabara ya gharama kubwa. Inadai muda, intaneti ya uhakika na mtu wa kukagua hesabu. Idara zinazogawa mada zilezile kila mwaka, na kumnyima alama aliyejaribu jambo gumu asifike mwisho, zinafundisha woga. Wanaopanga sera na bajeti za elimu ya juu wawape wahadhiri nafasi ya kusimamia maswali, si kusahihisha mitihani tu.

Mpemba alikejeliwa, akauliza tena. Waliokejeliwa wakanyamaza hatuna hata orodha yao.