Mcheza Kwao Hutunzwa, Je, Aliyemfundisha?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nasi watu wa Pwani twaijua vyema kazi ya kutunza: noti hubandikwa kwenye paji la uso wa mchezaji, au hutiwa mkononi mwake, hadharani, watu wote wakishuhudia. Lakini methali hiyo imemnyamazia mtu mmoja. Haisemi neno lolote juu ya yule aliyemfundisha mchezaji.

Swali hilo limekuwa zito sasa katika kaunti za Kitui na Makueni, kwa majirani zetu Wakamba, ambao ngoma yao ya kuruka na kupinduka hewani yajulikana nchi nzima. Kuanzia Januari 2026 mtaala mpya wa elimu umefika sekondari ya juu. Mwanafunzi huchagua moja kati ya njia tatu, na mojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambayo ndani yake limo somo la Muziki na Dansi. Ngoma iliyokuwa mchezo wa baada ya masomo sasa imeingia darasani na kuketi pamoja na hesabu na historia.

Hiyo ni habari njema. Ila kuna kasoro moja. Wengi wa wanaoijua ngoma ya Ukambani barabara hawana karatasi ya ualimu, na wengi wenye karatasi ya ualimu hawakukulia katika ngoma hiyo. Basi nani atakayefundisha, na nani atakayelipwa?

MAJIRANI WA NJIANI

Msomaji asiseme kwamba mambo ya Ukambani hayamhusu. Kila asafiriye kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Miji hiyo yote imo Makueni au mpakani mwake, na huo wa mwisho wachukua jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902. Kutoka Kibwezi barabara nyingine yaelekea kaskazini, yapita Ikutha na Mutomo, yafika mji wa Kitui. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata wakazi 1,136,187 katika Kitui na 987,653 katika Makueni.

Ujirani huu haukuanza na reli. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu hadi Mombasa, na jina la Kivui Mwenda, mfanyi biashara mkubwa wa Kitui aliyeuawa mwaka 1851, limeandikwa katika historia ya nchi hii. Mali ilikwenda na kurudi, na pamoja na mali yalikwenda maneno, mavazi na michezo.

Chukua mfano wa ngoma ya Mbeni, ile ya vijana ya filimbi na kuruka. Mtu wa Lamu au Mombasa akilisikia jina hilo atakumbuka mara moja Beni, mchezo ulioanza huku kwetu Pwani katika miaka ya 1890, ukiiga bendi na gwaride, kisha ukasambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Wakamba wengi waliingia jeshini na katika polisi wakati wa ukoloni. Amtazamaye kijana wa Kikamba akisimama katika mstari, akingoja filimbi, kisha akiruka kwa amri moja na wenzake, hataona taabu kuyakumbuka majina hayo mawili kwa pamoja.

WALIO NYUMA YA NGOMA

Mtazamaji humwona yule arukaye, na macho hayana budi kumfuata. Lakini ngoma ya Ukambani ni kazi ya watu wengi, na arukaye ndiye mwenye miaka michache zaidi kati yao.

Wa kwanza ni ngui. Kwa Kikamba ngui ndiye mtunzi na kiongozi wa nyimbo, yule atoaye ubeti na wengine wakapokea. Yeye si mwimbaji tu. Hujua ni wimbo gani ufaao arusini na upi ufaao mbele ya wazee, na nani aweza kusemwa kwa fumbo bila ya kuleta ugomvi. Sisi tulio na malenga tunamfahamu mtu wa namna hiyo bila ya kuelezwa.

Wa pili ni mpigaji, ashikaye ngoma ndefu katikati ya mapaja yake na kuibeba muda wote wa mchezo. Mapigo yake ndiyo yamwambiayo kijana wakati wa kuondoka ardhini, na akikosea, mtu anaweza kuvunjika shingo. Wa tatu ni mwenye filimbi, ambaye kwa mlio mmoja hubadilisha mwendo wa kundi zima. Wa nne haonekani uwanjani kabisa, naye ni fundi achongaye gogo na kuiwamba ngozi, ajuaye ngozi ipi italia na ipi itapasuka. Tena kuna kina mama watungao shanga, watunzao mavazi, na wapikiao watu thelathini siku ya mazoezi.

Juu ya hao wote yuko mwalimu. Mara nyingi ni mchezaji wa zamani ambaye magoti yamemkatalia. Hukaa pembeni mwa uwanja, akamtazama mtoto wa miaka kumi na miwili, akajua kwamba huyu aruke leo na yule angoje mwaka mmoja zaidi. Elimu hiyo haimo kitabuni. Mtaalamu Paul Kavyu alitoa mwaka 1977 kitabu chake juu ya muziki wa Wakamba, nacho ni hazina kubwa, lakini hakuna kitabu kiwezacho kumshika mtoto kiunoni mara ya kwanza anapojifunza kupinduka.

Ukimwuliza mwalimu kama huyo alijifunza kwa nani, atakutajia. Na aliyemfundisha naye alikuwa na wake. Katika Uislamu tunaijua heshima ya mtu kumtaja mwalimu wake na mwalimu wa mwalimu wake. Sisemi kwamba elimu ya dini na mchezo ni mizani moja, hasha. Nasema tu kwamba tunatambua silsila tuionapo, na twajua hasara ya kiungo kimoja kukatika.

SHULE ILIYOKATAA, SHULE ILIYOPOKEA

Ajabu ya mambo ni kwamba shule ndiyo iliyoipiga vita ngoma hii mwanzoni. Misheni ya Africa Inland ilijenga kituo chake cha kwanza mwaka 1895 huko Nzaui, ambako leo ni Makueni, na katika makanisa yake mwongofu alitakiwa kuiacha ngoma. Mtoto wa misheni alisoma, wa ngoma akabaki na ng'ombe.

Halafu mambo yakageuka. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1927, kwa miaka mingi sasa limekuwa na mashindano ya nyimbo na ngoma za asili. Shule zikaanza kutafuta ngoma zilizokuwa zimekatazwa, na mwalimu wa shule aliyetoka chuoni na cheti chake akalazimika kwenda kijijini kumtafuta mzee. Mzee akaja kwa muda wa muhula mmoja. Watoto wakashinda, wakapanda kutoka kaunti hadi mkoa na hadi taifa. Kikombe kikawekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu na jina la shule likatangazwa. Mzee akapewa nauli na asante, akarudi shambani.

Hapa sitaki kuwalaumu walimu wa shule. Wengi wao huwalipa wazee hao kutoka mifukoni mwao wenyewe. Lawama ni ya utaratibu, ambao hauna mahali pa kumweka mtu huyu. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya 2012 hairuhusu mtu kufundisha kama mwalimu bila ya kusajiliwa, na usajili huo wataka vyeti. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu nzuri ya kuwalinda watoto na matapeli. Lakini haikumfikiria fundi wa ngoma wa Mutomo.

Hata kikundi chenyewe kijijini humsahau. Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya 2022 huvitaka vikundi viwe na maofisa: mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina. Hakuna mstari wa mwalimu. Basi mfadhili akija, au afisa wa kaunti, huonana na watu watatu, na mtu wa nne, ambaye bila yeye hakuna kikundi, amekaa chini ya mti akingoja kuambiwa mazoezi ni saa ngapi.

SHERIA NYINGINE ZIPO

Si kwamba serikali haina nyenzo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Jedwali lake la Nne limezipa kaunti kazi ya shughuli za utamaduni. Kisha ikaja sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni, ambayo yazitaka kaunti zikusanye na kuandikisha maarifa hayo. Na mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila ya kupitia darasani, ili fundi apimwe kwa mikono yake na kupewa cheti.

Waashi na makanika ndio wanaotajwa zaidi katika habari za sera hiyo. Kwa nini asipimwe pia mpigaji ngoma? Mwashi hujenga ukuta ukatazamwa kama umenyooka. Mwalimu wa ngoma naye awaweke vijana wake uwanjani, watazamwe kama wamenyooka.

Mfano uko karibu. Tanzania ilifungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, chuo ambacho tangu 2007 chaitwa TaSUBa. Hakikungoja mpaka wapatikane walimu wenye digrii za ngoma. Baadhi ya walimu wake wa mwanzo walitoka katika kikundi cha ngoma cha taifa, na mmoja wa mafundi waliolipa jina jumba la sanaa la Bagamoyo ni marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ambaye sanaa yake aliipata nyumbani kwa Wagogo.

Kenya nayo ilijenga Bomas of Kenya, iliyoundwa mwaka 1971, na ngoma za Wakamba zikachezwa hapo mbele ya watalii. Siku hizi wananchi wengi wanaijua Bomas kwa hesabu za kura za 2013, 2017 na 2022 kuliko kwa ngoma, na mwaka 2025 ulianzishwa hapo ujenzi wa jumba kubwa la mikutano. Lakini hata Bomas katika siku zake bora ilikuwa mahali pa kuonyesha. Mtoto wa Kitui alijifunza Kitui.

WACHONGAJI WALITUTANGULIA

Kuna funzo jingine, nalo liko hapa Mombasa. Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa Machakos, alijifunza kuchonga vinyago akiwa Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia, akarudi kwao akawafundisha wengine. Ufundi huo ukaenea, na mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakaunda chama cha ushirika hapa Changamwe. Leo jina la mwalimu wao linajulikana, na mchongaji ana chama cha kumwuzia kazi yake.

Wachezaji ngoma ni ndugu wa wachongaji hao hao. Tofauti ni kwamba kinyago hukaa rafuni na bei yake imebandikwa, lakini ngoma ikimalizika huwa imekwisha, na aliyeifundisha hana cha kumwonyesha mnunuzi. Kwa sababu hiyo yeye ahitaji ushirika na daftari kuliko hata mchongaji.

Najua wako wasomaji watakaouliza kama yafaa kwetu kuitetea ngoma. Kilumi, kwa mfano, ngoma ya kina mama wazee ya kuomba mvua na kutibu, ina mambo ya pepo ambayo Muislamu hawezi kuyafuata, na makanisa ya Ukambani nayo huyapinga. Hukumu ya hayo ina wenyewe. Lakini haki ya mtu aliyetumwa kazi, akaifanya, jasho likamtoka, haihitaji mjadala mrefu miongoni mwetu. Alipwe.

Tena tujitazame wenyewe. Lelemama ya Mombasa ilikuwa na vyama vyenye viongozi na vyeo, Ibinaal Watan na Banu Saada, vikishindana mji mzima ukitazama. Vijana wangapi leo wanaweza kumtaja hata mmoja wa waliowafundisha kina mama hao? Hatukuandika tulipoweza kuandika.

Basi lifanywe jambo dogo kwanza. Kaunti za Kitui na Makueni zifungue daftari la walimu wa ngoma, jina kwa jina, na aliyemfundisha kila mmoja. Shule imwitayo mzee imwandikie mapatano ya malipo kabla ya mazoezi kuanza, na siku ya kikombe jina lake litangazwe pamoja na la mwalimu wa shule. Fomu ya kikundi iongezwe mstari mmoja. Hayo hayahitaji mamilioni.

Mcheza kwao hutunzwa, na atunzwe. Ila siku hiyo ya kutunza, mtu mmoja anyanyuke na noti yake, avuke uwanja, aende mpaka pale chini ya mti.