Wingi wa Makabila Siyo Ugomvi

Anayesema vita vya Afrika huletwa na wingi wa makabila, na aje Tanga. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Basi katika nchi ya Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua wakaja manamba: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, hata watu wa Burundi na Msumbiji. Wajukuu wao leo wanaongea Kiswahili, wanaoana, na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha wafiwa.

Sasa tuitazame Rwanda. Wahutu, Watutsi na Watwa wana lugha moja, na mwaka 1994 wengi wao walikuwa Wakatoliki. Hata hivyo, waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyarubuye waliuawa humohumo. Siku zilezile maaskofu walikuwa Roma katika Sinodi ya Afrika, wakilitafakari Kanisa kama Familia ya Mungu.

Kwa hiyo tusihesabu makabila. Tuulize kabila linampa mtu nini, na linamnyima nini. Wabelgiji waliliandika kwenye vitambulisho, serikali zilizofuata zikaliacha hapo, na mwaka 1994 kitambulisho hicho kikawa hukumu ya kifo vizuizini. Tanzania ilishika njia nyingine: vyeo vya machifu vilifutwa 1963, na sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila. Lakini tusijisifu. Desemba 2000, huko Kilosa, wakulima waliuawa katika mapigano na wafugaji wa Kimaasai. Kiini kilikuwa ardhi na maji. Kabila likawa tu alama ya kumtambua adui.

Nasi waseminari tujichunguze. Akitangazwa paroko mpya, swali letu la kwanza huwa, "Ni mtu wa wapi?" Kuuliza si dhambi. Dhambi ni pale jibu linapoamua kama tutamtii au tutamsengenya. Maji ya ubatizo hayakuwazuia Wakristo wa Rwanda. Hayatatuzuia sisi tusipotaka. Kwa hiyo tuanze mezani, tusiketi kwa lugha za nyumbani. Na siku tutakapokabidhiwa parokia, tuipitie orodha ya halmashauri ya walei na ya watoto wanaolipiwa ada. Tukikuta ukoo mmoja umejaa humo, tuirekebishe mapema, watu wakiwa bado wanasalimiana.