Orodha Moja, Mifumo Miwili
Wasomaji wenzangu, kompyuta ya maktaba yetu ina mifumo miwili, Windows na Linux, na orodha ya walioazima vitabu imo katika MySQL. Wako wasemao folda moja ya data itumiwe na pande zote mbili. Mimi sikubali. Kwa kawaida, MySQL ya Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya majedwali. Ya Linux hutofautisha. Tangu toleo 8.0 la mwaka 2018, kanuni hiyo huwekwa mara moja tu. Ikipingana, MySQL hukataa kuanza. Yafaa kila amalizaye kazi aitoe orodha kwa mysqldump, iwe faili la maandishi, na upande wa pili ulipokee. Sisi wa Kidato cha Nne tu karibu kuondoka. Orodha ikipotea, nani atavidai vitabu?